Uliacha kazi, sasa unataka kurudi? Soma hii kabla hujafika langoni

Wiki ya kwanza baada ya kuacha kazi huwa tamu. Unalala hadi saa tatu, hakuna kengele ya zamu, hakuna supavaiza wa kukuuliza mbona umechelewa dakika nne. Mtaani unawaambia wasee kwamba ulichoka kujenga tumbo la mtu mwingine. Wiki ya pili unaanza kupiga hesabu ya pesa zilizobaki. Ikifika tarehe tano, keateka amebisha mlango mara mbili, ile mipango yako imeanza kuyeyuka, na kichwani kuna swali moja ambalo hutaki kulitamka mbele ya mtu: hawa watu wanaweza kunichukua tena kweli?

Kama umefika hapo, hauko peke yako. Tembea Industrial Area asubuhi, pale Lunga Lunga au Enterprise Road, uangalie vijana waliojipanga nje ya malango. Wote si wageni. Baadhi yao walikuwa ndani miezi michache iliyopita, na sare na nambari ya kazi na kila kitu. Mmoja aliahidiwa kazi Qatar na ajenti ambaye sasa simu yake imezimwa. Mwingine alichukua bodaboda kwa mkopo, mkopo ukamshinda. Mwingine aligombana tu na bosi siku mbaya, akaandika barua kwa simu akiwa bado anatetemeka kwa hasira.

Sina hukumu. Kazi za kiwandani, hotelini na kwenye supamaketi zinachosha, na kuna siku hata mtu mpole hutupa aproni chini. Ila kama ulikotoka kulikuwa na chama cha wafanyakazi, kurudi kwako kuna kanuni zake, na sidhani kuna mtu aliyekaa chini kukueleza wakati ule ulikuwa unakatwa pesa za chama kila mwezi. Basi tuongee.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na mkanganyiko huo huwagharimu. La kwanza ni kurudishwa kazini. La pili ni kuajiriwa upya. Yanafanana kwa sababu yote mawili yanakuweka tena mbele ya mashine ileile, lakini moja linakurudishia maisha yako ya kazi na lingine linakuanzisha kama mtu aliyeingia Nairobi jana.

Ukirudishwa kazini, sheria inakuhesabu kana kwamba hukuwahi kutoka. Miaka yako ipo. Daraja lako lipo. Ukiajiriwa upya, hesabu inaanza sifuri, isipokuwa mkubaliane vingine. Kwa kawaida amri ya kurudishwa hutolewa kwa mtu aliyefutwa bila haki. Iko kwenye kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na sheria iliyounda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba mwaka 2011 inasema amri hiyo itolewe ndani ya miaka 3 tangu ufutwe. Mtu aliyeandika barua yake mwenyewe akasema kwaheri hana tiketi hiyo. Huyo anaomba kazi.

Na hata kwa waliofutwa, tiketi si rahisi. Mnakumbuka Kenya Airways? Mwaka 2012 wafanyakazi 447 waliondolewa kazini, chama chao kikaenda kortini, na 2013 jaji akaamuru warudishwe. Watu wakasherehekea. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha amri hiyo ya kuwarudisha. Sheria yenyewe inasema mtu asilazimishwe kumpa mwingine kazi ila katika hali za kipekee kabisa, na majaji hupenda kukupa pesa, hadi mishahara ya miezi 12, kuliko kukurudisha kwa mtu asiyekutaka. Hao walikuwa na chama, mawakili na miaka ya utumishi. Wewe uliyeandika barua ya mistari mitatu, sasa unaelewa kwa nini nasema usiende langoni ukitisha watu na korti.

Lakini subiri, kweli uliacha?

Hili swali linaonekana la kipuzi. Si la kipuzi hata kidogo. Watu wengi husema "niliacha" wakati mbele ya sheria kilichotokea ni kitu kingine kabisa.

Chukua yule aliyeandika barua na kutoa notisi. Kama unalipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28, na mkataba wenu wa pamoja, ile CBA, unaweza kutaka zaidi. Katika siku hizo wewe bado ni mfanyakazi. Bado uko kwenye orodha, bado chama kinaweza kukusemea. Ukibadilisha nia, huo ndio wakati wa kwenda kusema, si miezi mitatu baadaye. Mahakama zetu zimeshikilia kwamba kuacha kazi ni uamuzi wa upande mmoja: ukishaitoa barua haingoji mtu aikubali, na kuiondoa kunahitaji mwajiri aseme sawa. Kwa hivyo hata siku ya pili tu tayari unaomba. Lakini siku ya pili unaomba ukiwa ndani, kabla kiti chako hakijapata mtu. Kuna tofauti kubwa hapo, mtu wangu.

Na kama ulitoa notisi wakakwambia, "Aah, wewe enda leo leo," jua kwamba kifungu cha 38 kinataka wakulipe zile siku walizokuzuia kufanya kazi, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Wengi huondoka bila kuuliza.

Wa pili ni yule aliyepotea tu. Hakuandika chochote. Alizima simu, akaenda ushago wiki mbili, akarudi akasikia jina lake limetolewa. Huyu anajiambia aliacha kazi. Kumbe sheria haina haraka hivyo. Kukosa kazini bila ruhusa ni kosa kubwa, ndiyo, unaweza kufutwa hapo hapo kwa hilo. Lakini kabla ya kukufuta, mwajiri anatakiwa akuambie kosa lako kwa lugha unayoelewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama wa kuchagua kwako. Hicho ni kifungu cha 41. Korti nazo zimekuwa zikiwauliza waajiri: mlimtafuta? Mlipiga simu? Mliandika barua? Kama hawakukutafuta na hawakukusikiliza, basi hukuacha kazi, ulifutwa, na pengine ulifutwa vibaya. Sisemi upotee ukitegemea hilo. Nasema kama tayari ulipotea, usifike pale ukatamka "niliacha" na usisaini karatasi inayosema hivyo kabla hujaongea na mtu wa chama.

Wa tatu ndiye ananiuma zaidi. Ni yule aliyeitwa ofisini, akafungiwa mlango, akaambiwa, "Andika barua ya kuacha, ama tukufute uharibu jina." Akaandika. Au yule aliyekatwa mshahara bila maelezo, akahamishwa kila wiki, akatukanwa mbele ya watu mpaka akachoka. Sheria inamwita huyu mtu aliyesukumwa nje. Mwaka 2015, katika kesi iliyohusu Coca-Cola ya Afrika Mashariki na Kati, Mahakama ya Rufaa ilieleza jinsi ya kumtambua: mwajiri awe amevunja jambo la msingi katika mkataba wenu, wewe uwe uliondoka kwa sababu hiyo na si nyingine, na usiwe ulikaa muda mrefu kana kwamba ulikubali. Na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kwa hivyo zile jumbe za supavaiza za saa sita usiku, usizifute. Tarehe ulizohamishwa, ziandike. Jina la aliyekuwa kwenye chumba, liandike pia.

Ukiwa wa pili au wa tatu, kuna saa inayotembea. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, mzozo wa mtu kufutwa unafaa kuripotiwa kwa wizara ndani ya siku 90, na kuomba muda zaidi kunahitaji sababu nzuri. Ukitaka kulalamika wewe mwenyewe kwa afisa wa leba, una miezi 3. Kortini una miaka 3. Vijana wengi hukaa mtaani wakisema "nitaenda wiki ijayo" mpaka siku 90 zinaisha wakiwa wamekaa kwa kinyozi.

Ukiwa wa kwanza, uliyeandika kwa hiari yako na akili zako timamu, endelea kusoma. Haya yaliyobaki ni yako hasa.

Mtu wa kwanza kumwona si HR

Ni yule mwakilishi wa chama mle ndani, mnayemwita stiwadi. Na kabla hujamwendea, elewa anakuonaje. Huyu ni mfanyakazi kama wewe. Anasimama mashine ileile, lakini juu yake amebeba malalamishi ya watu wote wa zamu. Pengine uliondoka wakati wanavutana na menejimenti kuhusu nyongeza, na kila anayeondoka humpunguzia nguvu, kwa sababu chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Wewe uliona umeacha kazi tu. Yeye aliona kichwa kimoja kimetoka kwenye hesabu.

Basi mwendee kwa heshima, na usimpigie simu saa ya kazi. Mngoje wakati wa kutoka, mnunulie chai, msikize kwanza. Chama hakiwezi kumlazimisha mwajiri amrudishe mtu aliyeondoka mwenyewe, na stiwadi anayekuambia anaweza anakudanganya. Alicho nacho ni kingine. Anajua nani ameondoka na kiti gani kiko wazi. Anajua kama kuna kipengele kwenye mkataba wa pamoja kinachohusu watu wanaorudi. Baadhi ya mikataba inawapa nafasi ya kwanza waliopunguzwa kazi biashara ilipokuwa mbaya. Aliyeacha mwenyewe mara nyingi hatajwi. Anajua pia kama HR aliandika kitu kibaya kwenye faili yako. Na neno lake moja kwa msimamizi, "huyu kijana ni mchapakazi, alikuwa na shida ya nyumbani," lina uzito kuliko barua yako ya kurasa mbili.

Muulize akuonyeshe mkataba wenyewe. Si siri. Ni hati inayoandikishwa kortini kabla ianze kufanya kazi, na inawahusu wafanyakazi wote wa ngazi ya chama, hata asiye mwanachama. Nashangaa jinsi watu hukatwa pesa za chama miaka mitano bila kuwahi kuiona hata kwa macho. Ukiipata, tafuta mambo matatu: madaraja ya mshahara, muda wa majaribio, na kiinua mgongo.

Kiinua mgongo ndicho watu hukisahau. Mikataba mingi hulipa siku kadhaa za mshahara kwa kila mwaka uliofanya kazi, hata kwa anayeacha mwenyewe, mradi awe amefikisha miaka fulani. Kama ulilipwa hizo pesa ulipotoka, miaka yako imeshanunuliwa na kufungwa. Huwezi kurudi ukaidai tena. Kama hukulipwa na ulistahili, hilo ni deni lao kwako, na linakupa kitu cha kuongea mezani. Usilitupe kwa kusaini ile karatasi ya "nimelipwa kila kitu, sina dai lolote" bila kusoma.

Lango lilelile, mwajiri mwingine

Sasa tufike kwenye mtego. Kuna jamaa mmoja mtaani kwetu, sitamtaja jina, wala kiwanda chake. Alifanya kazi ya upakiaji kwenye kiwanda cha chakula miaka minne, kazi ya kudumu, chama kikiwepo. Akaacha. Alikuwa amepata ajenti wa kumpeleka Gulf, akalipa pesa za matibabu na za makaratasi, na hadithi yenyewe unaijua inavyoisha. (Kama bado uko kwenye hiyo njia, angalia kwanza kama ajenti wako ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Dakika mbili tu.) Miezi saba baadaye akarudi langoni. Na ajabu ni kwamba hawakumkataa. Walimwambia njoo Jumatatu.

Jumatatu hakuelekezwa HR. Alielekezwa kwa kijidirisha upande wa pili wa ua, kwa kampuni nyingine kabisa inayowaletea viwanda wafanyakazi. Angesimama palepale, na sanduku zilezile, karibu na watu walewale aliokuwa akila nao githeri. Lakini mwajiri wake kwenye karatasi angekuwa mwingine. Hapo ndipo hesabu zinabadilika. Mkataba wa pamoja unamfunga mwajiri aliyeusaini na wafanyakazi wake. Ukiandikwa na kampuni ya pembeni, posho ya nyumba mliyoipigania, ovataimu ya viwango vya chama, nauli ya likizo, yote yanaweza kukupita ukiyaangalia kwa mwenzako aliye mita moja kutoka kwako.

Mwajiri anapenda mpango huu kwa sababu ulipoondoka, ulimfungulia nafasi ya kubadilisha kiti cha kudumu kuwa cha kibarua bila kumfuta mtu yeyote. Hakuhitaji kulipa fidia. Hakuhitaji kuwaarifu chama mwezi mmoja mapema, kama sheria inavyotaka anapopunguza watu. Wewe ulitoka kwa miguu yako. Hiyo ndiyo sababu stiwadi wako huwa na uchungu watu wakiacha kazi ovyo, na kwa maoni yangu ana haki.

Hii haimaanishi ukatae. Njaa ni njaa. Lakini jua unachosaini. Soma jina la mwajiri juu ya barua, si jina lililo kwenye lango. Ukichukuliwa kama kibarua, weka rekodi ya kila siku uliyofanya kazi, maana kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi 3, unahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi hata kama unaendelea kulipwa kwa siku. Jumbe za M-Pesa za malipo ni ushahidi mzuri. Picha ya daftari la zamu pia.

Ukiitwa ndani

Tuseme bahati imeangaka na HR halisi amekuita. Beba cheti chako cha utumishi. Kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi anastahili kupewa akiondoka, hata kama aliondoka kwa ugomvi, na kumnyima ni kosa la jinai. Cheti hicho hakikusifu wala hakikusemi. Kinasema ulianza lini, ulifanya kazi gani, uliacha lini. Hiyo inatosha.

Kuhusu kwa nini uliondoka, sema kweli kwa sentensi mbili kisha nyamaza. "Nilipata nafasi nyingine, haikufaulu. Kazi hii naijua na niko tayari kuanza wiki hii." Usilie. Usimseme supavaiza wako wa zamani hata kama alikuwa shetani, kwa sababu pengine ndiye ataulizwa jioni hiyo. Na usitoe hongo. Kuna watu pale langoni na hata ndani watakuambia elfu tano itafungua mlango. Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 inagusa hata kampuni za kibinafsi, lakini wacha sheria kidogo: aliyekula pesa yako leo atakula ya mwingine mwezi ujao, na kiti ni kimoja.

Halafu kuna swali moja ambalo karibu kila mtu anayerudi huona aibu kuliuliza. Tarehe yangu ya kuanza kazi itakuwa ipi?

Hapa ndipo pesa zako zilipo. Mwajiri akipunguza watu, sheria inataka aangalie, pamoja na ujuzi na uaminifu, nani ametumikia kwa muda mrefu. Aliyeingia mwisho yuko karibu na mlango. Na fidia ya chini ya kupunguzwa ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Mtu wa miaka 6 anaondoka na siku 90. Wewe uliyerudi mwaka jana, hata kama kabla ya hapo ulikaa miaka 6, unaondoka na siku 15. Jengo lilelile, jasho lilelile.

Hakuna sheria inayomlazimisha akurudishie tarehe ya zamani. Hakuna pia inayomkataza. Kama uliondoka mwezi mmoja au miwili tu, na hukulipwa kiinua mgongo, uliza: "Naomba muda wangu wa awali uhesabiwe." Mwambie stiwadi aulize pia. Wakikataa, teremka ngazi moja, omba angalau daraja la mshahara ulilokuwa nalo badala ya lile la mgeni. Wakikataa tena, omba usiwekwe kwenye majaribio upya, maana kazi wanaijua unaijua. Majaribio kisheria hayazidi miezi 6 mwanzoni, na katika muda huo wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7 tu. Kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo miaka, hilo ni jambo la kujadili. Chochote watakachokubali, kiandikwe kwenye barua. Maneno ya HR kwenye koridoo hayamfungi mtu. HR mwenyewe anaweza kuwa ameondoka ifikapo Desemba.

Ukishaingia, jaza fomu ya chama siku ya kwanza. Usidhani uanachama wako wa zamani ulikuwa unakungoja mlangoni. Makato yalikoma ulipotoka, na kila chama kina katiba yake kuhusu mtu aliyekatika. Na kama chama kimepewa idhini ya kutoza ada wasio wanachama wanaofaidika na mkataba, utakatwa tu hata bila kujaza, ila hutakuwa na kura. Mimi kama nitakatwa, afadhali nipige kura.

Yule jamaa wa upakiaji bado hajasaini. Alichukua ile barua ya kampuni ya pembeni akasema anaenda kuisoma nyumbani, jambo ambalo lilimkasirisha mtu wa kijidirisha, halafu jioni akamngoja stiwadi wake wa zamani pale steji. Stiwadi akamwambia kuna mama wa zamu ya usiku anastaafu mwisho wa mwezi, kiti chake ni cha kudumu na chama kimekataa kipewe kampuni ya pembeni. Hakumwahidi kitu. Alimwambia alete cheti cha utumishi, na apunguze kuongea mtaani mpaka mwezi uishe. Kodi ya nyumba ni tarehe tano, kiti kinafunguka tarehe thelathini, na ile kazi ya kibarua ingeanza kesho yake asubuhi. Aliponiuliza angefanya nini, nilimuuliza ana akiba ya wiki ngapi. Akasema mbili na nusu, akila mara moja kwa siku.